Chai Yetu na Ardhi ya Sotik



Nyumba zetu za pwani hazianzi asubuhi bila birika la chai. Majani mengi hutoka Kericho na Bomet, yakashuka Mombasa kuuzwa mnadani. Yafaa tujue ardhi ile ilipatikana vipi.

Mwaka 1905, kisa kikiwa ng'ombe walioibwa kwa Wamaasai, Waingereza walipeleka jeshi Sotik. Hutajwa kuwa watu wapatao 1,850 waliuawa, wanawake na watoto wakiwamo. Kisha ardhi ya Wakipsigis ikaanza kugawiwa walowezi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ekari 25,000 huko Kericho zilitengewa maafisa wa Kiingereza waliopata vilema vitani, wapande kitani. Bei ikaanguka na mradi ukafa, lakini wenyewe hawakurudishiwa ardhi yao. Katikati ya miaka ya 1920 yakaingia makampuni ya chai, Brooke Bond na James Finlay. Mwafrika alikatazwa kupanda chai yake. Kazi yake ikawa kuwachumia wengine.

Mwaka 1934, kwa sheria maalumu, ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wa dini wa Wakipsigis, walihamishiwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, penye joto, mbung'o na malaria. Walikuwa takriban watu 700, wazee na watoto pamoja. Walikaa huko hadi miaka ya mwisho ya ukoloni. Mwaka 2022 madai yao yalipelekwa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Watu huuliza: mambo ya kale hivyo, yana faida gani? Wanazuoni wetu wanafundisha kuwa toba ya haki ya mja haitimii mpaka haki imrudie mwenyewe, au mrithi wake, au asamehe. Miaka haiifuti dhulma. Naye Mtume (S.A.W.) ametuonya vikali juu ya kudhulumu ardhi, hata ikiwa shibiri moja.

Sisemi chai ni haramu. Kunyweni kwa raha. Ila, akina mama, mkiwamiminia watoto, wasimulieni habari za Sotik. Nanyi akina baba, kabla ya kumlaumu mkoloni, tazameni hati za shamba la marehemu mzee: je, dada zenu wamepewa fungu lao la mirathi? Asiyelitoa hana tofauti na aliyechukua ardhi ya Sotik.

Wabillahi tawfiq.