Anayetaka Kuwa Daktari wa Mifugo

Ng'ombe aliyelala mzima amekutwa asubuhi amekufa zizini. Damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani na kwenye njia ya haja kubwa, tumbo limevimba mapema mno, miguu haijakakamaa. Majirani wameshanoa visu. Daktari wa mifugo akifika hapo, kazi yake ya kwanza ni kuhakikisha hakuna kisu kinachogusa ngozi ya mnyama huyo, kwa sababu hizo ni dalili za kimeta. Mzoga ukipasuliwa, bakteria waliomo hupata hewa na kujijengea ganda gumu linalowawezesha kuishi udongoni kwa miongo mingi, hadi ng'ombe mwingine aje kula nyasi za mahali hapo. Basi daktari huvaa glavu, hutoa damu kidogo tu kwenye mshipa wa sikio, huipaka kwenye kioo iende maabara, kisha husimamia mzoga uchomwe au ufukiwe kwenye shimo refu, nyama na ngozi na vyote. Mwenye mali amepata hasara, na sasa anaambiwa asichukue hata kilo moja. Watu watanuna, na wengine watasema bwana mifugo ana roho mbaya.

Naanzia kwenye kimeta kwa makusudi. Vijana wengi wanaoniuliza kuhusu fani hii hunieleza kwamba wanapenda wanyama. Ni sababu njema na siipuuzi, ila pale zizini haitoshi. Panahitajika elimu ya kuutambua ugonjwa bila kupasua mzoga, na ujasiri wa kumkatalia mzee wa boma mbele ya watu wake, kwa adabu zote, huku ukijua kwamba kesho atakuita tena. Daktari wa mifugo anamtibu mnyama, lakini wanaolindwa zaidi ni watu.

Kwa Tanzania, shahada ya tiba ya mifugo husomwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kwa miaka mitano. Wakenya wana Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Kabete, na Waganda wana Makerere. Baiolojia na Kemia ndizo nguzo. Aliyezikimbia kidato cha tatu atapata taabu. Miaka ya mwanzo ni ya maumbile ya mwili na jinsi unavyofanya kazi, na hapo ndipo wengi hushtuka. Daktari wa binadamu husoma kiumbe mmoja. Wewe utasoma ng'ombe mwenye tumbo la sehemu nne, farasi asiyeweza kutapika, kuku anayesaga chakula kwa firigisi, na mbwa na nguruwe na samaki. Dawa nazo hazimtendei kila mnyama sawa: paracetamol ambayo mama mwenye nyumba hunywa akiumwa kichwa inaweza kumuua paka, kwa kuwa ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja.

Halafu mgonjwa hasemi. Chukua ndama aliyezubaa, ameacha kunyonya. Unamuuliza mwenye ng'ombe: ameanza lini? Mara ya mwisho mmeogesha lini? Kuna mnyama mgeni aliyeingia zizini? Ameshachomwa sindano gani? Swali hilo la mwisho hujibiwa kwa kusitasita, maana mara nyingi ameshachomwa. Unaingiza kipimajoto kwenye njia ya haja kubwa, kinasoma nyuzi 41, wakati ng'ombe mzima huwa kwenye 38 na ushei. Unapapasa chini ya sikio na kukuta tezi imevimba, ngumu, mkono wako unaizunguka. Ndani ya sikio wamejaa kupe wa kahawia. Hapo unashuku ndigana kali, na unavuta majimaji kidogo kwenye tezi ili vimelea vionekane kwa hadubini. Dawa ya buparvakwoni huokoa ndama akiwahiwa. Akishaanza kupumua kwa shida na kutoa povu puani, mara nyingi mmechelewa. Chanjo ipo, na uogeshaji upo. Nguvu nyingi za daktari zinapaswa kuishia huko, kabla ndama hajaugua.

Kinga imeshafanya makubwa katika ukanda huu. Miaka ya 1890 sotoka ilifagia ng'ombe wa Afrika Mashariki, na jamii za wafugaji, Wamaasai wakiwemo, zikafa njaa. Baadaye Walter Plowright na wenzake, wakiwa Muguga nchini Kenya, walitengeneza chanjo iliyokuwa salama na ya kutegemewa. Mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kwamba sotoka imetokomezwa, ugonjwa wa pili kutokomezwa baada ya ndui. Sijui fani nyingine ya sayansi kijijini inayoweza kujivunia jambo kubwa kuliko hilo. Kazi ya namna hiyo bado ipo kwa kichaa cha mbwa, ambacho dalili zikishaanza kwa mtu, kupona ni kama hakuna. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, maambukizi hukatika. Mtoto aliyeng'atwa anaokolewa zahanati, lakini chanzo kinazimwa kwa sindano ya mbwa.

Jambo linalonikera ni dawa kuuzwa kama karanga. Mfugaji anainunua dukani, anakadiria kipimo kwa macho, anachoma jioni, na asubuhi anakamua na kuuza maziwa. Kila dawa ina muda wa kusubiri kabla ya maziwa au nyama kuliwa, na kuuruka muda huo ni kumwekea mlaji dawa asiyoihitaji, huku vijidudu vikijifunza kuistahimili. Atakayeingia fani hii ajiandae kulisema hilo kila siku, hata kwa mteja anayemlipa.

Ukimaliza shahada, sheria ya mwaka 2003 inakutaka usajiliwe na Baraza la Veterinari Tanzania kabla ya kutibu. Kazi haziishii vijijini: kuna ukaguzi wa nyama machinjioni, maabara, hifadhi za wanyamapori, utafiti, na kliniki za mbwa na paka mijini. Kabla hujajaza fomu, mwombe afisa mifugo wa kata yako ruhusa ya kufuatana naye siku ya chanjo au siku ya josho. Vaa buti, saidia kumshika ndama, tazama anavyopima mimba mkono ukiwa umezama hadi begani. Nenda na machinjioni alfajiri. Ukirudi bado unataka, soma kwa bidii. Na alama za kidato cha sita zisipotosha, kampasi za Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, kama Tengeru na Mpwapwa, zinatoa stashahada ya afya ya mifugo. Wapo walioanzia huko, wakafanya kazi, kisha wakajiunga na shahada wakiwa wameshazoea harufu ya zizi.