Art Smith: Sonara wa Shaba Aliyestahili Nafasi Zaidi

Sonara hupimwa mara nyingi kwa madini anayofua: dhahabu humpa jina, shaba humshusha. Kipimo hicho ni mojawapo ya mambo yaliyomnyima Art Smith nafasi anayostahili katika historia ya sanaa ya Marekani. Alizaliwa Cuba mwaka 1917, wazazi wake wakiwa Wajamaika, akakulia Brooklyn na kusoma katika chuo cha Cooper Union. Ufundi aliupata kwa Winifred Mason, sonara mwanamke mweusi kama yeye, kabla ya kufungua duka lake Greenwich Village mwaka 1946.

Ubora wa kazi yake umo katika umbo. Bangili yake iitwayo Lava ina mabamba ya shaba nyekundu na ya manjano yaliyolazwa moja juu ya jingine, yenye kingo za mawimbi. Ngozi ya mvaaji ni sehemu ya kito. Bila mkono, bangili haijakamilika. Ukubwa wa vito vyake nao una sababu. Smith aliwatengenezea vito wacheza dansi, wakiwemo wa kundi la Talley Beatty, na kito cha jukwaani sharti kionekane hadi viti vya nyuma bila kumzuia mchezaji kuruka. Hesabu hiyo ya uzito, nafasi na mwendo ni ngumu kuliko kupachika almasi.

Wapo watakaosema hakusahauliwa, kwani jarida la Vogue lilionyesha vito vyake, mwanamuziki Duke Ellington alitengenezewa naye vifungo vya mikono ya shati, na mwaka 1969 jumba moja la makumbusho New York lilimwandalia maonyesho. Ni kweli. Lakini sifa za mitindo hupita na msimu, na Smith alifariki mwaka 1982. Ilikuwa mwaka 2008 ambapo Brooklyn Museum, baada ya kupewa vipande 21 vya kazi yake, ilimrudisha mbele ya umma.

Wengine wataona kuutaja weusi wake ni kumpunguzia hadhi ya usanii. Hoja hiyo inasahau kwamba duka lake la kwanza lilivunjwa vioo kwa chuki ya rangi, akalazimika kuhama. Aliendelea kufua shaba ileile kwa ustadi uleule. Kumtambua leo si fadhila kwa mtu mweusi. Ni kusahihisha historia iliyotazama bei ya madini ikapuuza akili iliyoyafinyanga.