Kabla ya okestra kuna kwaya: somo la Kinshasa kwa vijana wa Rusizi

Jumamosi alasiri, ukipita karibu na makanisa ya Kamembe, wilayani Rusizi, utasikia kwaya zikijinoa kwa ibada ya kesho yake. Mbele ya waimbaji husimama kijana, mara nyingi mwanafunzi au mwalimu wa shule. Anawapa sauti ya kuanzia, kundi moja baada ya jingine: soprano, alto, tena, besi. Kisha anainua mikono, na wote wanatulia. Kijana huyo akisema kwamba siku moja anataka kuongoza okestra, wapo watakaomcheka: okestra yenyewe iko wapi?

Swali hilo lilikwisha kujibiwa Kinshasa, na aliyelijibu hakuwa amesomea muziki. Armand Diangienda alikuwa rubani wa ndege za abiria. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kazi hiyo ilimponyoka, nchi ikiwa katika misukosuko. Mwaka 1994, akiwa na umri wa miaka 30 hivi, alianzisha Okestra ya Simfoni ya Kimbangu. Nota alijifundisha mwenyewe, na ala pia: piano, tromboni, selo. Alichokuwa anakijifunza ndicho alichowafundisha wenzake.

Wapigaji wa mwanzo walikuwa wengi kuliko fidla zilizokuwapo, kwa hiyo walipokezana: huyu akipiga, mwenzake anasubiri zamu. Waya wa fidla ulipokatika na dukani hakuna mwingine, walifungua waya wa breki ya baiskeli, wakauchambua nyuzi nyuzi, wakaufunga mahali pa ule uliokatika. Sauti ilikwaruza kidogo, lakini mazoezi hayakukatika. Karatasi za muziki zilinakiliwa kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, hadi kila mpigaji akapata sehemu yake.

Hata hivyo Diangienda hakuanza na mikono mitupu. Babu yake ni Simon Kimbangu, mhubiri aliyefungwa na Wabelgiji mwaka 1921 na kufia gerezani Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Kanisa lililobeba jina lake liliishi kwa nyimbo. Lilikuwa na kwaya, bendi za matarumbeta na makundi ya wapiga filimbi. Rubani aliyekosa kazi aliwakuta watu waliozoea kufika mazoezini jioni, kusikilizana na kumtii anayewaongoza. Fidla zilikuja baadaye, juu ya msingi huo.

Hapo ndipo Rusizi inapohusika. Misheni ya Kikatoliki ya Mibirizi, wilayani humu, ilianzishwa mwaka 1903, na Jimbo la Cyangugu likaundwa mwaka 1981. Katika miaka yote hiyo, makanisa ya huku, ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti, yamelea waimbaji wa sauti nne kizazi baada ya kizazi. Huo ndio mtaji ambao Kinshasa iliutumia.

Kazi ya anayeongoza huanza kabla sauti ya kwanza haijasikika. Mkono unapopanda kidogo kabla ya kushuka, waimbaji wanavuta pumzi na wapigaji wanaweka pinde tayari. Kupanda huko kunatangaza mambo matatu kwa wakati mmoja: mwendo, nguvu na hisia ya wimbo. Ukiinua mkono kwa wasiwasi, hata okestra ya watu 80 itaanza kwa wasiwasi. Mkono wa kulia unashika mapigo. Wa kushoto unamwita besi aingie na kumwomba mpiga tarumbeta apunguze. Mwalimu mzuri wa kwaya anayafanya haya kila wiki. Kinachomwongezea ugumu mbele ya okestra ni kusoma kwa pamoja mistari kumi na zaidi ya muziki, na kujua kila ala inatoa sauti yake vipi na inachoka lini.

Mamlaka ya kiongozi hutoka masikioni. Mei 1824, huko Vienna, Simfoni ya Tisa ya Beethoven ilipopigwa hadharani kwa mara ya kwanza, mtunzi mwenyewe alisimama mbele akionyesha mwendo. Lakini alikuwa hasikii tena, na wanamuziki walikuwa wameagizwa wamfuate Michael Umlauf. Jina kubwa halikutosha; walihitaji mtu anayewasikia. Simfoni hiyo hiyo ndiyo watu wa Diangienda wanayoonekana wakiihangaikia katika filamu ya Kinshasa Symphony ya mwaka 2010, wakifanya mazoezi hata umeme unapozimika. Mwaka 2013 Royal Philharmonic Society ya London ilimpa Diangienda uanachama wa heshima, na mwaka uliofuata okestra yake ilipiga muziki Uingereza.

Jirani zetu wengine nao wamesogea. Jijini Nairobi, mradi wa Ghetto Classics unawafundisha watoto wa Korogocho ala za okestra tangu mwaka 2008. Hapa Rwanda, Chorale de Kigali, iliyoanzishwa mwaka 1966, imewazoesha wasikilizaji kazi za Händel na Mozart, na shule ya muziki iliyofunguliwa Nyundo mwaka 2014 imethibitisha kwamba serikali inaweza kuuhesabu muziki kuwa fani ya kusomewa.

Kijana wa Rusizi ana faida zake pia. Bukavu iko ng'ambo ya daraja la Ruzizi, na Kiswahili kinampatia walimu na wapigaji wa pande zote mbili. Zaidi ya hayo, amekulia katika nyimbo za Kinyarwanda zinazokwenda kwa mapigo matano, mwendo unaowatoa jasho wanamuziki wengi waliozoea mapigo mawili, matatu na manne. Yeye anaucheza tangu utotoni. Okestra ikizaliwa huku, iwe na muziki huo katika hazina yake, ukiandikwa na watunzi wa huku.

Yanayohitajika yako ndani ya uwezo wetu. Parokia na shule chache zikishirikiana zinaweza kununua fidla nne na selo moja, zikamlipa mwalimu nauli na posho, na zikaacha mlango wa ukumbi wazi jioni mbili kwa wiki. Walimu wa kwaya wakae darasani pamoja na watoto, wajifunze kushika upinde kama wanafunzi wengine, kwa sababu huwezi kumwongoza mpigaji usiyejua taabu ya ala yake. Diangienda alijifunza mbele ya watu aliowaongoza, na walimheshimu. Wazazi nao wamruhusu binti au mvulana anayependa kazi hii aisomee, kama wanavyomruhusu anayetaka uhasibu. Okestra itakayopatikana itakuwa ndogo na itakosea mara nyingi, lakini ndiyo itakayomlea kiongozi wake.