Jibini ya Kukaanga: Kitafunio Chenye Wanga Kidogo kwa Chai ya Jioni

Mvua ikinyesha vizuri Wajir, maziwa huwa mengi nyumbani, lakini bila jokofu huharibika upesi. Wakati huohuo, chai ya jioni huandamana na mandazi na sambusa, vitafunio vya unga wa ngano ambavyo mwenye kisukari hushauriwa kuvipunguza. Sehemu ya maziwa hayo inaweza kugeuzwa jibini ya kukaanga. Ina protini nyingi na wanga kidogo, kwa kuwa sukari nyingi ya maziwa hutoka pamoja na maji yanapochujwa.

Mahitaji

Lita 2 za maziwa ya mbuzi au ya ng'ombe, vijiko 4 vikubwa vya maji ya ndimu, chumvi kidogo na mafuta ya kupikia.

Namna ya kutengeneza

1. Chemsha maziwa hadi yatokote, huku ukikoroga yasiungue. Usiruke hatua hii: maziwa mabichi yanaweza kueneza homa ya brusela.
2. Punguza moto, kisha tia maji ya ndimu polepole hadi mabonge yajitenge na maji.
3. Chuja kwa kitambaa safi. Changanya mabonge na chumvi, funga kitambaa na ukandamize kwa kitu kizito kwa saa moja.
4. Kata vipande vyembamba, vipanguse vikauke, kisha vikaange kwa mafuta kidogo hadi viwe vya kahawia pande zote mbili. Jibini hii haiyeyuki. Hukauka juu ikawa ya kutafunika.

Kile ambacho hakijakaangwa kiliwe siku hiyohiyo kama huna jokofu.

Je, maziwa ya ngamia?

Usiyapoteze kwa njia hii. Protini zake ni tofauti, hivyo mabonge yake huwa laini mno na hayashikani vizuri. Yachemshe uyanywe.

Kwa mwenye kisukari

Vipande vichache vyatosha, kwani jibini ina mafuta mengi. Usitie sukari kwenye chai. Maji yaliyochujwa yatumike kukandia chapati za wengine, kwa kuwa sukari ya maziwa imo humo. Mwenye shinikizo la damu aache chumvi. Jibini si dawa: usiache wala kupunguza dawa zako bila kumwona mhudumu katika kituo cha afya kilicho karibu nawe.