Leseni ya Lori na Basi ni Ngazi: Ipande kwa Hatua

Kila baada ya mavuno ofisi yetu hupokea wazazi wenye swali lile lile. Kijana amemaliza kidato cha nne, hakuchaguliwa kuendelea, na familia imeuza mahindi au ng'ombe mmoja. Wanauliza: je, akisomea udereva wa malori au mabasi, hataanza kazi mwaka huu huu?

Swali hili ni la haki. Kazi ya udereva ipo. Bandari ya Dar es Salaam haihudumii Tanzania peke yake. Mizigo ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi hupita barabarani usiku na mchana. Mabasi ya mikoani nayo yanahitaji watu wa kuyaendesha. Ni kazi inayoweza kulea familia na kusomesha watoto.

Lakini swali hilo hilo ndilo linalowafanya wazazi waangukie mikononi mwa vishoka. Kishoka husema: "Nipe fedha, baada ya wiki mbili kijana atakuwa na leseni ya lori." Fedha ya ng'ombe inakwenda, na kijana anarudi nyumbani na kadi ambayo mikono yake haiwezi kuitetea. Makala hii inaeleza njia halali ilivyo, ili familia ipange kabla ya kutoa hata shilingi moja.

MADARAJA YA LESENI

Nchini Tanzania leseni hutolewa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 pamoja na marekebisho yake. Leseni si moja. Ina madaraja, na kila daraja lina magari yake. Yanayohusu makala hii ni haya:

- Daraja H: leseni ya kujifunzia. Mwenye leseni hii haruhusiwi kuendesha peke yake.
- Daraja B: magari madogo ya binafsi, yasiyo ya biashara.
- Daraja D: magari yote isipokuwa pikipiki, magari makubwa ya mizigo na magari ya abiria.
- Daraja E: magari yote, malori makubwa yakiwemo, isipokuwa pikipiki na magari ya abiria.
- Daraja C3: gari la kukodi la abiria wasiozidi 4, yaani teksi.
- Daraja C2: gari la abiria kuanzia 4 hadi 15.
- Daraja C1: gari la abiria kuanzia 15 hadi 30.
- Daraja C: basi la abiria 30 au zaidi.

Angalia vizuri daraja C. Anayeliomba anatakiwa awe ameendesha magari ya daraja C1 au E kwa muda usiopungua miaka 3. Kwa hiyo hakuna kijana anayetoka kidato cha nne na kukaa kwenye usukani wa basi kubwa mwaka huo huo kwa njia halali. Anayewaahidi jambo hilo anawauzia uongo.

NJIA HALALI

Hatua ya kwanza ni afya, hasa macho. Kijana apimwe kabla ya kulipa ada ya shule, siyo baada yake. Ni afadhali kujua mapema kwamba anahitaji miwani.

Hatua ya pili ni leseni ya kujifunzia na shule ya udereva iliyosajiliwa. Mzazi asione aibu kwenda mwenyewe kuitazama shule. Aombe kuona usajili. Aulize magari ya kufundishia ni mangapi, na kila mwanafunzi atakaa kwenye usukani kwa saa ngapi. Shule ambayo wanafunzi 20 wanagombania gari moja bovu haifundishi udereva, inauza vyeti.

Hatua ya tatu ni mtihani wa Polisi wa Usalama Barabarani. Mkaguzi wa magari humpima mwanafunzi alama za barabarani na uendeshaji, na akifaulu hupewa cheti cha umahiri. Hatua ya nne ni Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), ambako mwombaji mwenye namba ya mlipakodi hulipia na kupewa leseni. Malipo ya Serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba na kupewa risiti. Fedha inayoombwa mkononi bila risiti si ada.

Baada ya hapo ndipo yanakuja mafunzo ya magari makubwa ya mizigo na ya magari ya abiria. Yanatolewa na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) kilichopo Mabibo, Dar es Salaam, na baadhi ya vyuo vya VETA, miongoni mwa vyuo vingine. Kozi hizi ni za wiki chache tu, na si za anayeanza. Zinamchukua mtu anayejua kuendesha tayari na kumwandaa kwa gari zito au kwa kubeba roho za watu.

KWA NINI NGAZI HII IPO

Wengine husema masharti haya yamewekwa ili kuwasumbua wanyonge. Tufikirie gari lenyewe. Katika nchi za Afrika Mashariki uzito wa juu wa lori na mzigo wake ni tani 56. Gari la uzito huo likiteremka mlima wa Kitonga mkoani Iringa, au Sekenke mkoani Singida, haliokolewi na mguu wa breki peke yake. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto na kupoteza nguvu. Dereva aliyefundishwa huingia gia nzito akiwa bado juu, huacha injini ilishike gari, na hugusa breki kwa vipindi. Asiyefundishwa hutoa gia na kuliacha gari lijiendee ili abane mafuta. Katikati ya mlima, gia haiingii tena na breki hazishiki.

Mafunzo humfundisha pia kulikagua gari kabla ya safari: matairi na nati zake, upepo wa breki, taa, usukani, na kufuli linaloshika tela. Humfundisha kupanga mzigo ili usiegemee upande mmoja wala kuzidi kwenye mizani kama ya Vigwaza au Mikese. Dereva wa lori na wa basi hufundishwa kwamba mwendo wake wa juu ni kilomita 80 kwa saa, na 50 kwenye makazi ya watu. Na anayekwenda nje hujiandaa kwamba Zambia wanapita kushoto kama sisi, lakini Rwanda, Burundi na Kongo wanapita kulia. Akivuka Rusumo kichwa lazima kibadilike pamoja na barabara.

Uchovu ni somo jingine. Kanuni zinataka safari ya basi inayozidi saa 8 iwe na madereva wawili. Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2023, mabasi ya mikoani yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku. Usingizi hauogopi leseni ya mtu.

BAADA YA LESENI

Leseni ya udereva sasa hudumu miaka 5. Lakini kwa dereva wa biashara si mwisho wa safari. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kuchukua nafasi ya SUMATRA katika usafiri wa nchi kavu, huwapima na kuwathibitisha madereva wa magari ya biashara. Mabasi ya mikoani yamefungwa kifaa kinachotuma taarifa za mwendo, na dereva hujitambulisha kwa kitufe chake maalumu. Kwa hiyo anayekimbiza gari hujulikana kwa jina.

Jambo la pili ni mkataba. Mwezi Aprili 2015 madereva wa mabasi waligoma na abiria wakakwama Ubungo na miji mingine. Walilalamikia agizo la kurudi darasani kila wanapohuisha leseni, na pia walidai mikataba ya ajira. Dai hilo la mikataba halijazeeka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi haki ya kupewa masharti ya kazi yake kwa maandishi. Dereva aulize kama anachangiwa NSSF, na kama mwajiri amesajiliwa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Dereva anayelipwa kwa safari bila karatasi, akiumia, familia yake hubaki kuhangaika mlangoni kwa tajiri.

Tatu ni maisha ya safarini. Lori linaweza kungoja siku kadhaa mpakani Tunduma. Siku hizo zina upweke, pombe na vishawishi, na VVU bado vipo. Wachumba na wanandoa wazungumze mapema, wapime pamoja, na dereva apange namna ya kutuma fedha nyumbani badala ya kutembea nazo.

USHAURI KWA FAMILIA NA VIKUNDI

Kwanza, pangeni miaka, msipange miezi. Kijana aanze na gari dogo, kisha apate kazi ya pikapu au kirikuu, huku akitafuta nafasi ya utingo kwenye lori la mtu mwaminifu. Utingo si aibu. Ni shule ya kufunga turubai, kubadili tairi na kuijua barabara, ili mradi asikabidhiwe usukani kabla ya kuwa na leseni ya gari hilo.

Pili, msiuze shamba. Vikundi vya kuweka na kukopa vinaweza kutoa mkopo kwa awamu: ada ya kozi ya kwanza sasa, na ya gari kubwa baadaye, mkopaji akishaonyesha leseni na kazi. Fedha ilipwe chuoni moja kwa moja.

Tatu, msiwaache binti zenu nyuma. Sheria haiulizi kama mwombaji ni mwanamume au mwanamke. Inauliza kama anaweza.

Katika Injili ya Luka sura ya 14, Bwana Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye imempasa kupiga hesabu kwanza, asije akaishia kwenye msingi na kuchekwa. Udereva nao ni mnara wa namna hiyo, ila anayeujenga vibaya haangukii peke yake. Nyuma yake kuna abiria, na mbele yake kuna mtoto anayevuka barabara kwenda shule.

Vikundi vinavyotaka mada hii ijadiliwe katika mkutano wao wa robo mwaka ijayo vimwone afisa maendeleo wa eneo lao.