Protini kwa Mtoto Mchanga Anayekataa Chakula

Mtoto akitimiza miezi 6, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inaelekea kwisha, na mwili wake unakua kwa kasi kubwa. Hapo ndipo huanzishiwa chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki chakula hicho cha kwanza ni uji. Uji hushibisha, lakini ukiwa wa mahindi au mchele mtupu una protini chache, tena zenye upungufu. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliwakuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Kenya, mwaka huohuo, walikuwa 18. Udumavu una sababu nyingi, maradhi ya mara kwa mara yakiwemo, lakini bakuli lisilo na chakula cha kujenga mwili ni mojawapo.

Kiasi kinachohitajika si cha kutisha. Mtoto wa miezi 7 hadi 12 huhitaji takriban gramu 11 za protini kwa siku, na sehemu yake huipata kwenye maziwa ya mama. Yai moja lina kama gramu 6. Ugumu uko kwenye tumbo lenyewe: mtoto wa kilo 8 hubeba karibu mililita 240 kwa mlo mmoja, yaani kikombe tu. Akijazwa uji mwepesi, nafasi ya kitu kingine haipo.

Mtoto anayekunja uso na kutema mara nyingi hajakataa protini. Amekataa nyuzi za nyama asizoweza kuzitafuna, maganda ya maharage yanayonata kwenye ulimi, au harufu ya samaki ambayo ni ngeni kwake. Aliyezoeshwa uji wenye sukari hushangaa zaidi. Tafiti za ulishaji zinaonyesha kwamba watoto wengi huhitaji kuonjeshwa chakula kipya mara 8 hadi 10, wengine zaidi, kabla ya kukizoea. Walezi wengi hukata tamaa mapema mno, kisha mtoto hubandikwa jina la mchaguzi na chakula kile hakiletwi tena mezani.

Yai ndilo rahisi kuanza nalo. Huchemshwa hadi kiini kigande, likapondwa kwa uma na kulainishwa kwa maziwa ya mama. Baadhi ya jamii huamini kwamba yai humchelewesha mtoto kusema. Imani hiyo haina msingi, na imewanyima watoto wengi chakula bora kilichokuwa bandani kwao. Samaki kama sato au changu huchemshwa kwa tui jepesi, kisha nyama yake huchambuliwa kwa vidole, kwa kuwa jicho peke yake haligundui kila mwiba. Nyama ya ng'ombe au kuku hupikwa hadi iive sana, ikatwangwa na kuchanganywa na viazi au ndizi. Maini hupondeka kwa urahisi na yana chuma kingi; mara moja kwa wiki yanatosha, kwani vitamini A iliyomo ikizidi hudhuru.

Hapa pana kosa linalofanywa kwa nia njema kabisa: mtoto hupewa supu, nyama ikaliwa na wakubwa. Supu ina ladha na harufu nzuri, lakini sehemu kubwa ya protini hubaki kwenye nyama. Vijiko viwili vya nyama iliyotwangwa vinamfaa kuliko bakuli zima la mchuzi.

Kwa nyumba ambayo nyama ni ya sikukuu, maharage, kunde na dagaa ndio mkombozi. Maharage hulowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, yakachemshwa hadi yalainike, kisha yakasuguliwa kwenye chujio ili maganda yabaki juu. Protini inayopungua kwenye nafaka imo kwenye maharage, na inayopungua kwenye maharage imo kwenye nafaka. Ndiyo maana wali uliopondwa na maharage ni mlo kamili zaidi kuliko kila kimoja peke yake. Kipande cha papai au embe baada ya mlo huusaidia mwili kufyonza chuma kilichomo. Chai hufanya kinyume, na haimfai mtoto wa umri huu.

Dagaa, ambao Wakenya huwaita omena, wanamfaa hasa mtoto msumbufu. Huondolewa vichwa na matumbo, wakaoshwa mpaka mchanga uishe, wakakaushwa, wakakaangwa bila mafuta, wakatwangwa na kuchekechwa. Unga huo huanza na robo kijiko cha chai ndani ya chakula ambacho mtoto tayari anakipenda, ukaongezwa kidogokidogo kadiri anavyoizoea ladha.

Unga wa lishe wenye nafaka tano au saba unasifiwa kupita kiasi. Nafaka nyingi hushiriki upungufu uleule, hivyo wingi wake hauzibi pengo. Soya inayochanganywa humo isipopikwa vizuri huzuia protini isisagwe tumboni, na mahindi au karanga zenye ukungu hubeba sumukuvu, sumu iliyoua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004.

Karanga iliyosagwa laini na kuchanganywa kwenye uji ni nzuri, ila punje nzima ni hatari ya kumpalia. Kuichelewesha kwa hofu ya mzio hakusaidii: utafiti uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watoto walio hatarini walioanza karanga mapema walipata mzio wake kwa nadra zaidi kuliko walioikwepa. Chakula kipya kiletwe kimoja kimoja, kwa siku mbili tatu, ili kikileta vipele au kutapika kijulikane. Mwenye pumu kali ya ngozi aonwe kwanza na daktari.

Kumbana pua au kummiminia chakula kinywani ni hatari, kwani kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa, na humfanya akichukie kijiko chenyewe. Mtoto hula vizuri akiwa na njaa, akiwa ameketi, akiwaona wenzake wakila chakula hichohicho. Akigeuza uso, bakuli liondolewe, lirudi mlo mwingine.

Kusumbua kula peke yake si ugonjwa iwapo mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki unapanda. Ukilala au kushuka, au viganja vikipauka, mtoto apelekwe kituo cha afya. Miguu ikivimba, apelekwe siku hiyohiyo.