Mkono Uliokosa Kazi

Kiharusi kikishampoozesha mtu upande mmoja, nyumba nzima hugeuka mikono yake. Binti humlisha, mjukuu humvisha viatu, mke humnyoa ndevu. Jirani akija kumjulia hali, anamkuta ameegemezwa mito, mkono wa kulia umelazwa mapajani, na wa kushoto nao umetulia kwa sababu hauna cha kufanya. Mtaani watu huisifu familia hiyo kwamba inamtunza mzee wao, na kweli inamtunza. Lakini kila kijiko anacholishwa ni kijiko ambacho mkono wake umenyimwa nafasi ya kujifunza kukishika. Si rahisi kumwambia binti kwamba huruma yake inachelewesha kupona kwa baba yake. Hata hivyo ni lazima aambiwe, na kazi hiyo mara nyingi humwangukia mtaalamu wa tiba kwa vitendo, fani ambayo wengine huiita tiba kazi.

Familia za namna hii ni nyingi. Utafiti uliofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006 wilayani Hai na jijini Dar es Salaam, ukachapishwa katika jarida la Lancet Neurology mwaka 2010, ulionyesha kwamba, baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilipata wagonjwa wapya wa kiharusi takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam ilipata takriban 316. Shinikizo la damu lisilotibiwa ndilo chanzo kikubwa, na habari zake tumezisoma mara nyingi. Kinachosemwa kwa nadra ni maisha ya aliyenusurika, baada ya dripu kutolewa na gari kumrudisha nyumbani.

Miongoni mwa waasisi wa fani hii alikuwamo mtu aliyeyajua maisha hayo mwilini mwake. George Edward Barton, msanifu majengo wa Marekani, aliugua kifua kikuu, akapata matatizo ya mguu, kisha upande wake wa kushoto ukapooza. Alijirudisha kwa kazi za bustani na useremala. Machi 1917, nyumbani kwake Clifton Springs katika jimbo la New York, yeye na wenzake wachache walianzisha chama cha kwanza cha kitaifa cha tiba hii nchini humo. Leo inafundishwa KCMC Moshi na katika chuo cha KMTC nchini Kenya, ingawa wagonjwa wengi wanaoihitaji hawajawahi kuisikia.

Tathmini huanza kwa mazungumzo. Mtaalamu anataka kujua siku ya mgonjwa ilivyokuwa kabla ya kuugua: aliamka saa ngapi, alianza na kazi gani, nani walimtegemea. Fundi cherehani na mwalimu wanaweza kulegea mkono uleule kwa kiasi kilekile, na bado matibabu yao yasifanane. Mmoja anahitaji kuongoza kitambaa chini ya sindano, mwingine anahitaji kuandika ubaoni mkono ukiwa juu ya bega. Baada ya hapo mtaalamu huomba aione kazi yenyewe ikifanyika. “Mama, hebu tutengenezee chai.”

Dakika hizo za chai hufichua mengi. Je, mama anapandisha bega na kuinamisha kiwiliwili chote ili mkono ulifikie birika? Vidole vinafunguka baada ya kushika kikombe, au vinang’ang’ania? Anahisi moto? Mkono usiohisi joto unaweza kuwa hatari zaidi jikoni kuliko mkono dhaifu, kwa hiyo mgonjwa hufumba macho na kuguswa kwa chombo chenye maji ya uvuguvugu, kisha chenye maji ya baridi. Je, anaiona sukari iliyo upande wa kushoto wa meza? Baadhi ya wale ambao kiharusi kimewaharibu upande wa kulia wa ubongo huacha kuutambua upande wa kushoto wa kila kitu. Hula wali nusu ya sahani, wakalalamika hawajashiba, na macho yao ni mazima. Wapo pia wenye nguvu za kutosha ambao ubongo wao umepoteza mpangilio wa tendo: ukimpa kitana, anakipeleka mdomoni apigie mswaki. Hapo ndugu huona uvivu au wazimu, na wengine huanza kuulizana nani amemroga. Kumweleza mwanafamilia kwamba hilo ni jeraha la ubongo lenye jina na lenye mbinu zake za mafunzo ni tiba tayari, kwa mgonjwa na kwa nyumba.

Baada ya hapo huja vipimo vya namba. Mtaalamu hukunja na kukunjua kiwiko ili kupima ukakamavu wa misuli, kuanzia 0 hadi 4. Mgonjwa huhamisha vipande vidogo vya mbao vyenye umbo la mchemraba kutoka upande mmoja wa sanduku hadi mwingine, vinavyohama ndani ya dakika moja vikahesabiwa. Kipimo cha Barthel, kilichochapishwa Marekani mwaka 1965, hutoa alama hadi 100 kwa mambo kama kula, kuoga, kuvaa na kupanda ngazi. Ni kipimo kizuri, ila hakiulizi kama mtu anaweza kuchuchumaa chooni, kuinuka kutoka mkekani au kuinamia jiko la mkaa. Mtaalamu makini huongeza maswali hayo mwenyewe, kwa sababu mgonjwa anaweza kupata alama nzuri hospitalini na kukwama siku ya kwanza nyumbani.

Tathmini ikiisha, tiba huanza. Mwanasaikolojia Edward Taub aliona jambo lenye uzito wa pekee katika majaribio yake kwa nyani. Mnyama aliyekatwa mishipa ya hisia ya mkono mmoja aliacha kabisa kuutumia, ingawa ulikuwa bado na uwezo wa kusogea. Mkono mzima ulipofungwa, ule mwingine ulirudi kazini. Ubongo ulikuwa umejifunza kuusahau. Kutokana na hapo ilizaliwa tiba ya kuuzuia mkono mzima. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliwashirikisha watu 222, miezi 3 hadi 9 baada ya kiharusi. Waliopewa tiba hiyo walivaa glavu nene kwenye mkono mzima muda mwingi wa kuwa macho kwa wiki 2, huku wakifanya mazoezi ya kazi halisi kwa mkono dhaifu. Mwaka mmoja baadaye walikuwa bado wanautumia vizuri kuliko wenzao ambao hawakuipata.

Mkono usiosogea hata kidogo haufai kwa njia hiyo, kwa kuwa kumfunga mtu mkono wake pekee unaofanya kazi ni kumtesa. Huyo huwekewa kioo katikati ya mikono miwili, ule dhaifu ukiwa nyuma yake. Anapofungua na kufumba kiganja kizima huku akitazama kioo, ubongo huona mkono uliopooza ukisogea, na tafiti zimeonyesha kuwa njia hii huwasaidia baadhi ya wagonjwa. Bega nalo hulindwa. Katika wiki za mwanzo misuli inayolishikilia huwa imelegea, na ndugu anayemvuta mgonjwa kwa mkono ili amwinue anaweza kumwachia maumivu ya miezi. Ashikwe mgongoni na kiunoni.

Shida kubwa ni wingi wa mazoezi. Watafiti wa Amerika Kaskazini waliowatazama wagonjwa wakitibiwa, wakachapisha matokeo yao mwaka 2009, waliona mkono ukirudia tendo la kazi takriban mara 32 tu kwa kipindi kimoja, ilhali wanyama wa maabara waliopata nafuu walirudia mara mamia kwa siku. Kama ni hivyo katika hospitali zenye vifaa, sisi tutayapata wapi mamia hayo? Tutayapata nyumbani, katika kukunja nguo, kuchambua mchele, kumenya ndizi, kufuta meza. Shati livaliwe kwa kuanza na mkono dhaifu, na livuliwe kwa kuanza na mkono mzima. Kitambaa kibichi chini ya sahani huizuia kuteleza. Ubao wenye misumari miwili hushikilia kiazi mtu akimenya kwa mkono mmoja. Mpini wa kijiko ukizungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kiganja dhaifu hukishika. Jiko likiinuliwa juu ya matofali na kigoda kikatobolewa kwa ajili ya choo, mama anarudi kuwa mwenye jiko lake na anaingia chooni bila kusindikizwa.

Nafuu huja haraka zaidi katika miezi 3 ya kwanza, ndiyo maana inaniuma kuona familia zikisubiri mgonjwa “apate nguvu kwanza”. Siku ya kuruhusiwa hospitalini, daktari aombwe rufaa ya huduma za utengamao, na tiba kwa vitendo itajwe kwa jina. Miadi ya kwanza ahudhurie pia yule anayeshinda na mgonjwa nyumbani, awe binti, mke au dada wa kazi, kwa kuwa mafunzo ya kumgeuza, kumvisha na kumwacha ajaribu yanamhusu yeye zaidi kuliko anayelipa bili.